Nani ni wa Nyumbani?

Kasumulu, mji wa wilaya ya Kyela kwenye mpaka wa Tanzania na Malawi, inajulikana zaidi kwa malori. Yanapanga foleni upande huu wa mto Songwe yakingoja karatasi za forodha, na madereva huua muda kwa kutazama filamu au mpira kwenye simu zilizoegeshwa juu ya dashibodi. Mpaka huohuo unavukwa na njia nyingine isiyoonekana: Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, unaoiunganisha Malawi, nchi isiyo na bahari, na nyaya za baharini zinazoishia Dar es Salaam, SEACOM ya mwaka 2009 na EASSy ya 2010. Kwa hiyo swali la nyumba inahitaji intaneti ya kasi gani haliwahusu watu wa Dar es Salaam peke yao. Limeshaanza kuingia Kasumulu, Kyela mjini na Matema. Hoja yangu ni kwamba kabla halijawa swali la fundi ni swali la maadili, maana linatuuliza tunapumzika na nani.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa ndiyo inayoletwa kama ushahidi. Netflix, iliyofungua huduma zake katika sehemu kubwa ya Afrika Januari 2016, inashauri kasi ya megabiti 5 kwa sekunde kwa picha ya HD kamili na megabiti 15 kwa picha ya 4K. Saa moja ya HD hula bando la hadi GB 3, na ya 4K hufika GB 7. Chukua nyumba ya watu watano. Wakikaa sebuleni mbele ya runinga moja, megabiti 5 zinawatosha. Kila mmoja akijifungia na skrini yake, nyumba ileile inataka 25, na filamu ya saa mbili iliyokuwa ikila GB 6 sasa inakula 30. Watu ni walewale na filamu ni ileile. Kilichobadilika ni namna ya kukaa. Wanaotabiri kwamba nyumba za kesho zitadai kasi kubwa maradufu wanachukulia, bila kusema, kwamba kila mtu atatazama peke yake. Hitaji linatangazwa kana kwamba linashuka lenyewe kama mvua za Kyela, ilhali limetokana na maisha tuliyoyachagua, au tuliyochaguliwa.

Na kwa kweli tunachaguliwa. Akaunti moja ya Netflix ina nafasi ya wasifu hadi tano, kila mmoja na mapendekezo yake, hivyo baba, mama na watoto wanaolipiwa kwa fedha ileile hawaoni hata orodha ileile ya filamu. Mwaka 2023 kampuni hiyo ikasonga mbele zaidi: ikaanza kusimamia kwa ukali kanuni kwamba akaunti ni ya kaya moja, na kaya huitambua kwa vifaa vinavyotumia intaneti ya makazi mamoja. Sina ugomvi na haki yake ya kulinda mauzo. Watengenezaji wa filamu wanastahili ujira wao, na kugawa nenosiri ovyo ni kuwa mkarimu kwa mali ya mwingine. Hata hivyo kuna jambo zito limepita kimyakimya hapa: kifaa cha intaneti kimepewa kazi ya kusema nani ni wa nyumbani. Mpwa anayesoma Mbeya amekuwa si wa kaya. Bibi aliyehamia kwa mwanawe ng'ambo ya Songwe, ambako Wanyakyusa wana ndugu zao Wangonde, naye si wa kaya.

Kaskazini mwa Ziwa Nyasa watu wamelifikiria jambo hili kwa muda mrefu. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti huku miaka ya 1930, walikuta vijiji vya marika: wavulana wa umri wa miaka kumi hivi waliondoka kwa baba zao, wakajenga vibanda vyao na kuendelea kuishi pamoja hadi utu uzima. Katika kitabu chake cha 1951, Good Company, Monica Wilson alieleza jinsi walivyoithamini ukwangala, ile raha ya kuwa na wenzako, na jinsi walivyoamini kwamba humo ndimo mtu alimopata busara na adabu. Vijiji hivyo vimekwisha wala sidai virudi. Ila hoja iliyokuwa ndani yake bado ni hai: mapumziko hulea. Anayeketi na wenzake huvumilia uchaguzi asioupenda, hungoja zamu yake, hubishana bila kugombana. Programu inayokusoma na kukuletea unachopenda tu inakunyima malezi hayo. Serikali iliwahi kuitambua nguvu hiyo ya kuketi pamoja. Mwaka 1973 kampeni ya elimu ya afya iliyoitwa Mtu ni Afya ilikusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Ni kweli redio zilikuwa chache, lakini vikundi vilipangwa kwa makusudi na viongozi wake wakafunzwa, kisha watu wakainuka kwenda kuchimba vyoo.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka kwa wanawake. Kutazama pamoja, watasema, kulikuwa starehe ya wanaume. Kibanda umiza, ule ukumbi wa video wa mtaani, kilijaa vijana, moshi na matusi, na msichana aliyeonekana humo alichafuliwa jina. Hata sebuleni rimoti ilikuwa ya baba. Simu yenye bando ilimpa binti fursa ya kwanza ya kuchagua, na anayelalamikia upweke wake huenda anaililia enzi ya kumnyamazisha. Nalikubali pingamizi hili kwa sehemu kubwa. Mtu ana haki ya kujitenga, na asiye nayo si huru. Lakini linachothibitisha ni kwamba ukumbi wa zamani uliwafungia wengi nje, na aliyefungiwa nje hatibiwi kwa kufungiwa ndani. Anadai kiti. Wengine watasema upweke huo ni wa kufikirika tu, kwa kuwa watu hutazama wakiwa mbalimbali na kujadiliana kwenye WhatsApp. Hilo ni kweli siku ya Simba na Yanga, kwa sababu mechi ina saa yake. Filamu inayotazamwa na kila mtu kwa wakati wake haina saa hiyo, na ni vigumu kuzungumza na mwenzako juu ya kitu ambacho hajapendekezewa.

Wakristo, walio wengi Kyela kutokana na kazi iliyoanzishwa na Wamoravian na Walutheri waliofika kaskazini mwa Ziwa Nyasa 1891, na Waislamu walioko mpakani, wote wamefundishwa kwamba jirani ana haki juu yao kabla hajaomba. Mafundisho hayo tumeyatumia kwa chakula, kwa msiba na kwa mgonjwa, lakini si kwa starehe, kana kwamba starehe haimhusu Mungu. Nasema inamhusu. Basi wanaopanga kufikisha mkongo kwenye kata na vijiji vya Kyela waanzie shule, maktaba na kumbi za nyumba za ibada, penye skrini moja kubwa, viti vya wasichana na wazee, na ratiba inayopigiwa kura. Nawe unayejiandaa kuvuta intaneti nyumbani, kabla hujamuuliza wakala ni megabiti ngapi zitakutosha, waulize kwanza walio ndani na walio jirani kama watakuja kutazama pamoja nawe.