Maneno ya Watu mu Mikono Yetu: Mwandishi ni Mwenye Neno ao Mchukuzi tu?



Ukipita asubuhi sokoni Baraka, utaona kila mtu na chombo chake cha kazi. Mvuvi iko na nyavu, mama wa ndakala iko na beseni, fundi nguo iko na mashini yake. Sisi waandishi tuko na biki na kaye. Watu wanatuita "mwalimu", hata yule kati yetu ambaye hajashika chaki siku moja, kwa sababu kwetu mtu wa kuandika njo mwalimu. Wanatuletea kazi za kila namna: mashtaka juu ya mpaka wa shamba, mapatano ya mahari, maisha ya marehemu ya kusoma kwenye kilio, ripoti ya chama, historia ya ukoo ambayo mzee anataka iandikwe mbele hajalala.

Kazi hiyo haina sifa kubwa. Mara tunalipwa franka, mara tunapewa fungu la ndakala, mara tunaambiwa "aksanti mwalimu, Mungu atakulipa." Shirika moja lilitufanyisha kazi ya kutafsiri kurasa nyingi, na mpaka leo tunangojea malipo. Usiku tunaandika kwa taa ya sola. Betri ikikufa, neno linabaki nusu. Lakini kuna siku tunamsomea mtu maneno yake, ananyamaza, kisha anasema: "Ndivyo hivyo! Umetoa ile iliyokuwa mu moyo wangu." Siku hiyo hata njaa tunaisahau.

Sasa swali letu ni hili: mtu akituletea maneno yake, sisi tuna haki gani juu yake? Tunaweza kuongeza? Tunaweza kupunguza? Na akituomba tuandike uongo, tufanye nini?

Tuchukue kisa kimoja kilichotupata. Tangu mwaka 1996, kwa sababu ya vita, watu wengi wa Fizi walivuka ziwa kukimbilia Tanzania. Kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, ilifunguliwa mwaka ule ule. Familia zikakatika mara mbili: wazazi huku, watoto ng'ambo. Habari zilipita mu karatasi za Msalaba Mwekundu, ambazo hazifungwi na hazibebi kitu kingine isipokuwa habari za familia. Mama mmoja akaja kwetu, akasema:

"Mwalimu, andikia mutoto wangu kama baba yake ni muzima."

Sisi tulikuwa tumekaa kwenye kilio cha yule baba. Tukamwambia: "Mama, tutaandika vile namna gani?"

Akajibu: "Akisikia baba yake amekufa, ataingia mu mtumbwi usiku, avuke. Njiani kuna bunduki, kuna mawimbi. Unataka nizike wawili?"

Hatukuwa na jibu. Mwishoni tuliandika kwamba mama iko muzima, kwamba shamba liko, na kwamba asivuke mpaka aitwe. Juu ya baba hatukuandika kitu. Tulimsomea mama, akakubali. Sisi tulienda kulala tukijisifu moyoni: hatukusema uongo, na mtoto amepona.

Mwezi wa 10 mwaka 2005, mashua za kurudisha wakimbizi zilianza kutoka Kigoma kuja Baraka. Katika miaka iliyofuata kijana yule naye akarudi, akaja kutuona. Hakutukana. Alisema tu: "Niliona jina la baba halimo. Miaka yote nilikaa katikati, siwezi kulia, siwezi kucheka. Afazali mungeniambia." Tukamweleza hofu ya mama yake. Akasema: "Mama ninamuelewa. Ninyi njo siwaelewi."

Neno hilo lilituchoma, na bado linatuchoma. Tulizani kunyamaza si kitu. Kumbe ile nafasi tupu mu karatasi ilikuwa neno pia, na neno hilo lilikuwa la kwetu. Mama alitaka uongo wa kumpa mtoto amani. Sisi tuliondoa uongo, tukamwachia mtoto mashaka. Tulichunga usafi wa mkono wetu, si moyo wa yule atakayesoma.

Wazee wetu walijua jambo hili mbele ya biki kufika. Mjumbe aliyetumwa na ukoo kwenda kuongea ndoa ao kutuliza ugomvi hakuwa bomba ambamo maji yanapita tu. Aliweza kumwambia aliyemtuma: "Neno hili ni zito, tuongee tena." Aliweza hata kukataa kulibeba. Lakini akikubali kulibeba, alilifikisha namna alivyopewa. Kugeuza neno njiani, kimya kimya, ilikuwa aibu. Sisi, siku ile, tungekaa na mama mpaka jua literemke, tukatafuta pamoja naye namna ya kusema ukweli na kumzuia mtoto asivuke. Tuliogopa machozi yake, na tulikuwa na haraka.

Wengine watasema: "Mwandishi alipwe, afanye alivyoambiwa, basi." Malipo ni haki, kwa sababu mgongo wa mchukuzi unachoka. Lakini kulipwa hakununui zamiri. Wengine watasema: "Kilichoandikwa ni cha aliyeandika." Hapo tunakataa. Mwaka 1956, kwa Wanyanga wa Walikale, mzee Shekarisi Rureke alisimulia na kuimba habari za Mwindo muda wa siku 12. Mbelgiji Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene, mwenyewe Munyanga, wakazitoa mu kitabu mwaka 1969, na jina la mzee Rureke limo. Leo tunajua sauti ile ni ya nani. Lakini Burton na Speke, waliofika kwenye ziwa letu mwaka 1858, walimuandikia ulimwengu kwamba Ubwari ni kisiwa. Mvuvi wa Ubwari anatoka kwake mpaka Baraka kwa miguu! Kuandika habari za watu bila kuwarudishia wazisikie kunazaa visiwa vya namna hiyo.

Basi kwa vijana wanaoshika kazi hii tunaacha maneno matatu. Msomee mwenye neno kile ulichoandika, kwa luga anayoielewa, iwe Kibembe ao Kiswahili. Taja jina la mzee aliyekupa habari, akikubali. Na ukiona neno litaumiza mtu, sema mbele ya kuandika, uso kwa uso, usijifiche nyuma ya nafasi tupu.

Kijana yule leo ni baba wa watoto. Bado anatuletea barua zake tuziandike. Kila mara, mbele ya kuweka sahihi, anauliza: "Hamukuacha kitu?" Na sisi tunamsomea tena, toka mwanzo.