Danieli Alikuwa na Wenzake Watatu

Tafakari ya juma: Danieli 1:3-20, 2:13-18



Ikifika Agosti, sharika zetu nyingi husikia tangazo linalofanana. Kijana wetu anakwenda Kanada kusoma, anaomba maombi, na familia inaomba washarika wamshike mkono. Baada ya ibada panakuwa na mnada. Jogoo ananunuliwa na kurudishwa mnadani, ananunuliwa tena, mkungu wa ndizi unafikia bei ambayo sokoni ingechekesha, na mwisho mzee wa kanisa anataja jumla na makofi yanapigwa. Ni jambo jema, wala sitaki liishe.

Ninachotaka tukitafakari juma hili ni kile kinachofuata baada ya makofi.

Baadhi ya vijana hawa wanakwenda katika vyuo vya jimbo la Ontario kuchukua stashahada ya ufundi sanifu wa uhandisi wa kompyuta. Ni masomo ya miaka miwili. Kijana anajifunza kanuni za umeme, saketi za kidijitali, kuandika programu kwa lugha ya C, kuunganisha mitandao, kushika solda bila kuunguza ubao, na kutafuta kosa ndani ya kifaa ambacho kwa nje hakionyeshi kasoro yoyote. Akimaliza ni fundi sanifu. Huko huko Ontario ipo stashahada ya juu ya miaka mitatu, na uhandisi wenyewe unadai shahada ya chuo kikuu, kisha usajili wa kitaaluma. Hizi ni njia tatu tofauti, na kila moja ina heshima yake.

Lakini tangazo la kanisani husema kijana anakwenda kuwa injinia. Hakuna anayekusudia kudanganya. Mama amesikia neno uhandisi, shangazi akalifupisha, na mwenyekiti wa kamati ya maandalizi akaliongezea chumvi ili mnada uchangamke. Kijana amekaa benchi la mbele na suti mpya, anasikia, ananyamaza. Hapo tayari amepewa mzigo ambao hakuufungasha yeye: atarudi akiwa na kazi nzuri na cheti halali, halafu aonekane amepungukiwa.

Anayedharau kazi ya fundi asome Kutoka 31. Mungu anapotaka hema ya kukutania, anamtaja Bezaleli kwa jina lake na jina la baba yake, na kusema amemjaza Roho wa Mungu kwa ajili ya kazi ya mikono: dhahabu, fedha, shaba, vito, mbao. Oholiabu anatajwa kuwa msaidizi wake. Kama Mungu hakuona haya kumtaja fundi kwa jina, sisi tunaogopa nini kumtangaza fundi sanifu?

Sasa turudi kwa Danieli. Habari zake tunazihubiri sana kwa wanafunzi, na karibu kila mara tunaishia sura ya kwanza. Vijana wanne wa Yuda wanapelekwa Babeli, wanawekwa shuleni miaka mitatu kujifunza elimu na lugha ya Wakaldayo, wanabadilishwa majina, wanakataa kujitia unajisi kwa chakula cha mfalme, na katika mtihani wa mwisho wanaonekana bora mara kumi kuliko waganga na wachawi wote wa ufalme. Tunasema amina, tunamwekea kijana mikono, anapanda ndege.

(Tukumbuke tofauti moja kubwa. Danieli alikuwa mateka, lakini gharama za masomo alilipa mfalme Nebukadreza. Wa kwetu wanakwenda kwa hiari, na anayelipa ni baba aliyeuza kiwanja.)

Sura ya pili ndiyo tunayoiruka. Mfalme ameota ndoto na anataka waganga wamwambie ndoto yenyewe pamoja na maana yake. Hakuna anayeweza, na amri inatoka wenye hekima wote wauawe, Danieli na wenzake wakiwamo. Yule aliyekuwa bora mara kumi anafanya nini? Anaomba apewe muda. Kisha anakwenda nyumbani kwake, anawaeleza Hanania, Mishaeli na Azaria jambo lilivyo, ili wamwombe Mungu wa mbinguni rehema pamoja. Siri ilifunuliwa usiku, lakini kabla ya usiku ule kulikuwa na nyumba ambamo Danieli aliweza kusema kwamba jibu bado hana.

Nyumba ya namna hiyo ndiyo tunayowanyima watoto wetu bila kujua.

Tazameni hesabu. Ada ya mwanafunzi wa kigeni katika vyuo hivyo aghalabu inazidi dola 15,000 za Kanada kwa mwaka. Mbali na ada na nauli, serikali ya Kanada inataka mwombaji aonyeshe fedha za kujikimu: kiwango kilikuwa dola 10,000 kwa miaka mingi, kikapandishwa hadi 20,635 mwanzoni mwa 2024, na tangu Septemba 2025 ni dola 22,895 kwa mtu mmoja. Kwa fedha zetu hiyo ya mwisho peke yake ni zaidi ya shilingi milioni 35. Familia iliyokusanya fedha hizo kwa kiwanja, ng'ombe, mkopo wa SACCOS na mnada wa kanisa haiwezi kumtazama mtoto kwa macho ya kawaida tena. Na mtoto analijua hilo. Mtihani wa kwanza wa saketi ukimshinda, atamwambia nani? Baba, ambaye kila anapokaa barazani anakitazama kiwanja kilichokuwa chake? Mchungaji, aliyetangaza?

Kwa hiyo anasema anaendelea vizuri. Nimezungumza na vijana wa kutosha waliorudi kujua kwamba jibu hilo, likitoka haraka mno, huwa si jibu.

Kimya hiki kina gharama zake, tena za kisheria. Mwanafunzi wa kigeni Kanada anaruhusiwa kufanya kazi nje ya chuo hadi saa 24 kwa juma wakati wa masomo. Anayebanwa na kodi ya nyumba hushawishika kuvuka hapo, na akivuka amevunja masharti ya kibali. Anayeacha masomo mawili kimyakimya ili apumue anaweza kuhesabiwa kuwa si mwanafunzi wa muda wote, na hilo likamfungia kibali cha kazi baada ya kuhitimu. Tangu Novemba 2024, anayetaka kuhamia chuo kingine lazima kwanza aombe kibali kipya cha masomo. Na kwa walioomba kibali cha masomo tangu wakati huo, wahitimu wa stashahada hawapati kibali cha kazi mpaka fani yao iwe katika orodha iliyoidhinishwa, orodha ambayo imewahi kubadilishwa. Kila moja ya haya lina ufumbuzi likisemwa mapema kwa mshauri wa wanafunzi chuoni. Likifichwa mihula miwili, ufumbuzi unapungua.

Wazazi wataniuliza kwa nini basi wasisomeshe hapa hapa. Ni swali halali. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam ina stashahada ya uhandisi wa kompyuta, na Chuo cha Ufundi Arusha kimekuwa kikifundisha mafundi sanifu tangu 1978. Linganisheni kwa utulivu kabla ya kuuza chochote, na anayekusudia kurudi kufanya kazi nyumbani aulize mapema NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi, namna cheti cha nje kinavyotambuliwa. Sisemi asiende. Nasema aende akijua anakwenda kusoma nini, na sisi tulitangaze hilo hilo, neno kwa neno.

Kisha tumpe watu. Fedha tunajua kumpa, na Biblia mpya tunampa. Danieli hakuwa na usharika uliomchangia, lakini alikuwa na wenzake watatu chini ya paa moja. Kijana anayefika Ontario Agosti, akakutwa na baridi ya Novemba kabla hajapata rafiki, anahitaji angalau mtu mmoja wa huku ambaye hakuchanga, hamdai, wala hamtangazi. Naomba kila jumuiya iwe na mtu huyo. Asiwe mzazi wala mjumbe wa kamati ya harambee. Awe mtu anayejua kutunza siri.

Na saa mzijue. Kipindi cha baridi, Ontario iko nyuma yetu kwa saa nane. Tunapotoka ibada ya kwanza saa tatu asubuhi na kumpigia tukiwa na furaha ya kwaya, kwao ni saa saba usiku. Pigeni Jumapili saa tatu usiku. Kwao ni mchana, na huenda ameshakula. Msiulize atatuma lini kitu cha ukarabati wa paa la nyumba ya mchungaji. (Ndiyo, nimesikia kuna waliouliza. Paa linaweza kungoja.) Ulizeni maabara juma hili wamefanya nini. Hata kama hamtaelewa oskiloskopu ni mnyama gani, mwacheni aeleze hadi amalize, na akisita katikati msimkatize kwa Zaburi.

Wazee wa jumuiya, naomba kabla ya Jumapili ijayo mniletee ofisini majina ya vijana wetu wote wanaosoma nje, pamoja na jina la mtu mmoja atakayekuwa akimpigia kila mmoja wao.