Mwenye Duka Ni Nani?

Juzi jioni mpwa wangu alinionyesha kwenye simu yake programu ya forex, yaani ya kununua na kuuza fedha za kigeni. Mistari ya kijani inapanda, salio limenona, na chini kabisa, kwa herufi ndogo kama sisimizi, anwani ya Saint Vincent na Grenadines. Nikamuuliza, "Mwanangu, hawa ni kina nani?" Akanyamaza.

Msimamizi wa fedha wa visiwa hivyo amekwisha kutangaza kwamba hatoi leseni ya biashara ya forex. Kampuni kuandikishwa kule si ruhusa ya kushika pesa zako. Hapa Kenya, tangu kanuni za 2017, dalali wa forex wa mtandaoni hupewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, na orodha ya wenye leseni iko wazi kwa yeyote.

Tukaifungua pamoja. Namba ya leseni waliyoibandika ilikuwa ya kweli, ila ni ya kampuni nyingine, yenye jina linalokaribiana na lao. Hapo ndipo moyo ulinidunda, kwa sababu mtu anayekagua harakaharaka angeridhika. Ndugu yangu, usipige namba waliyokupa wao. Chukua mawasiliano kwenye orodha ya mamlaka, uulize huko.

Mpwa wangu alipiga. Dada aliyepokea akamsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia kwa upole, "Kaka, hao si sisi. Umeshatuma kiasi gani?"