Ishara Kubwa Si Ushahidi

Mwaka 1974, katika Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, Martin Fleischmann na wenzake Patrick Hendra na James McQuillan walikuwa na shida inayomsumbua kila apimaye kwa njia ya Raman: ishara hafifu. Ukimulika molekuli kwa leza, karibu mwanga wote unaotawanyika hubaki na rangi ileile. Ni takriban fotoni moja tu katika milioni kumi inayobadilika rangi na kubeba alama ya molekuli iliyokutana nayo.

Wakachukua elektrodi ya fedha, wakaipitishia umeme kwa kuugeuzageuza, mpaka uso wake ukawa wa kukwaruza kama msasa. Waliamini kwamba uso wenye vilima na mabonde ungekuwa na nafasi ya molekuli nyingi zaidi za piridini, kemikali waliyokuwa wakiipima. Kweli, ishara ikaja, tena kali. Wakaridhika kwamba sababu ni ukubwa wa eneo.

Ishara ilikuwa ya kweli; maelezo ndiyo yaliyokosea. Mwaka 1977 makundi mawili, Jeanmaire na Van Duyne wa Northwestern, Marekani, na Albrecht na Creighton wa Kent, Uingereza, kila moja kivyake, yaliketi yakapiga hesabu: molekuli ngapi zinaweza kukaa pale, na mwanga kiasi gani umepokelewa? Mwanga ulizidi mara laki moja hadi milioni moja. Hakuna mikwaruzo iwezayo kuongeza eneo kiasi hicho. Fedha yenyewe ndiyo iliyokuwa ikikuza ishara, elektroni zake zikitikiswa na mwanga. Ugunduzi mkubwa ulikuwa mikononi mwa watu wa Southampton, lakini swali moja halikuulizwa hadi mwisho.

Fleischmann alikuwa mwanakemia hodari. Hata hivyo, tarehe 23 Machi 1989, akiwa na Stanley Pons katika Chuo Kikuu cha Utah, aliwaita waandishi wa habari na kutangaza muungano wa nyuklia katika chombo cha maji mazito na paladiamu. Safari hii hata ishara yenyewe haikusimama. Maabara nyingi zilijaribu zikashindwa kuyapata matokeo yale, na jina lake likabaki limefungamana na tangazo hilo hadi kifo chake mwaka 2012. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Leo njia iliyozaliwa kwenye ile fedha inatafutiwa kazi hospitalini: kutambua bakteria, kupima dawa katika damu, kusaka dalili za saratani. Nao mtego ni uleule. Bakteria wakiwekwa juu ya fedha au dhahabu hutoa kilele kirefu kwenye grafu ya mwanga huo, karibu na namba ya mawimbi 730 kwa sentimita, na wako waliokihesabu kuwa sehemu ya ukuta wa seli. Utafiti wa baadaye, uliotumia isotopu, ulionyesha kwamba vilele vikuu vinatoka kwa purini kama adenini na haipozanthini, ambazo bakteria huzitoa wakiwa na njaa baada ya kuoshwa kwa maji matupu. Kwa hiyo jinsi ulivyoandaa sampuli inaweza kusema kwa sauti kubwa kuliko ugonjwa wenyewe. Leza nayo ikizidi ukali huunguza sampuli, na kaboni iliyoungua ina vilele vyake, karibu na 1350 na 1580.

Kijana uliyeshika leza, nakusihi. Pima kwanza fedha tupu, isiyo na sampuli. Unapoifunza kompyuta kutambua ugonjwa, vipimo vya mgonjwa mmoja visiwe upande wa mafunzo na wa mtihani kwa pamoja. Mpe mwenzako wa maabara nyingine arudie kazi yako kabla hujaita waandishi. Kosa la elektrodi lilisahihishwa kwa makala nyingine baada ya miaka mitatu. Mgonjwa aliyepewa jibu lisilo lake huenda hana miaka mitatu ya kusubiri.