Umbali Hupimwa kwa Nini?



Mtu akiwa Dar es Salaam na mama yake yuko Nyaishozi, je, wako mbali? Ramani hujibu upesi. Kutoka Dar es Salaam hadi Bukoba, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 1,000. Kwa barabara ni zaidi ya 1,300. Ndege hutumia saa mbili hivi, au zaidi ikitua kwanza Mwanza. Kisha msafiri hupanda gari kupitia Kyaka na Kayanga, ndipo afike kwetu.

Hapo kale mambo hayakuwa hivyo. Wazungu Speke na Grant waliondoka Zanzibar mwezi Septemba 1860, wakafika kwa Mukama Rumanika, hapa Karagwe, mwezi Novemba 1861. Homa, wapagazi kutoroka na hongo kwa watawala wa njiani viliwachelewesha zaidi ya mwaka. Mwaka 1931 kampuni ya Imperial Airways ilianza safari za ndege kutoka London hadi Mwanza, nazo zilichukua siku kumi hivi. Zamani hizo, aliyekwenda mbali asionekane hakulaumiwa. Umbali ulikuwa udhuru wa kweli.

Leo udhuru huo umepungua. Je, wajibu umeongezeka?

Nasema ndiyo, lakini tuseme kwa uangalifu. Wako watu ambao nauli ya ndege inazidi mshahara wao wa mwezi. Kumwambia mtu wa namna hiyo, "Ni saa mbili tu," ni kumdhihaki. Na yule mwenye fedha kidogo, akanunua dawa za mama badala ya tiketi yake mwenyewe, amechagua vema. Wajibu hufuata uwezo, haufuati mwendo wa ndege.

Hata hivyo, tazameni jambo moja. Habari ya msiba ikifika, nauli hupatikana. Ndugu huchangishana, mwajiri hutoa ruhusa, na mtoto aliyekosekana miaka mitano huwa hapa kesho yake, kabla ya kaburi kufukiwa. Kumzika mzazi ni heshima, wala simlaumu aliyekuja. Lakini ndege ile ile ilikuwa ikiruka wakati mama bado anamenya ndizi zake na kuuliza habari za wajukuu.

Wengine watajibu kwamba msiba haungoji, bali ziara yaweza kungoja. Ni kweli kwa ziara. Lakini mzazi wa miaka themanini, yeye aweza kungoja mpaka lini?

Basi, kama twajua kuchanga kwa ajili ya mazishi, tujifunze kuchanga kwa ajili ya kumwona aliye hai. Ndugu wanne wakisaidiana, mmoja aje mwaka huu kwa basi au kwa ndege, na mwingine mwaka ujao.

Nasi tulio nyumbani tujiangalie. Wako watoto wetu wanaoogopa kuja mikono mitupu, kwa sababu tukisikia mtu yuko njiani twauliza kwanza analeta nini. Swali hilo humrudisha mbali kuliko kilomita zote za barabara. Akija, tumpe kiti, tumpe chakula, tumwulize habari zake. Na siku ya kurudi, kama ni majira ya senene, tumfungie apeleke.