Ufa wa Chumbani kwa Bibi

Picha ninazotengeneza kwa ajili ya skrini za kompyuta huwa chakavu kwa makusudi: kutu, rangi iliyobambuka, kuta zilizopasuka. Mtindo huu unaitwa granji. Jina lilitokana na muziki wa Seattle wa mwishoni mwa miaka ya 1980, likahamia kwenye usanifu wa picha na kurasa; David Carson aliupa umaarufu kupitia jarida la Ray Gun, lililoanza mwaka 1992. Siku hizi huna haja ya kusubiri kitu kichakae. Unachagua brashi ya kidijitali, unabofya mara moja, na ukuta umezeeka miaka hamsini.

Brashi ninayoipenda kuliko zote niliitengenezea Pongwe, kwa Bibi, likizo ya mwaka wangu wa kwanza wa uzamili. Nyumba yake ni ya miti na udongo, imepakwa chokaa, na chumbani kwake kuna ufa ulioshuka kutoka dirishani hadi sakafuni. Niliupiga picha kwa simu. Kwenye GIMP, programu ya bure, niliigeuza picha kuwa ya kijivu, nikaongeza tofauti ya mwanga na giza mpaka ufa ukabaki mweusi na ukuta mweupe. Kitu kimoja tu kilinikera: Bibi alikuwa ameziba sehemu pana ya ufa kwa kipande cha kanga kuukuu. Kilikatiza mstari. Nikakifuta.

Jioni nilimwonyesha picha iliyokamilika.

"Mume wangu," alisema, kwa utani wetu wa bibi na mjukuu, "huu si ufa wangu?"

Nilifurahi kwamba ameutambua. Akasogeza uso karibu na skrini.

"Mbona umeufanya mwingi? Na kitambaa changu umekitia wapi? Upepo utaingia."

Je, ni kosa kuona uzuri katika uchakavu wa mwenzio? Sidhani. Kusini mwa jiji la Tanga, kwenye magofu ya Tongoni, tunasimama mbele ya msikiti na makaburi ya kale, tunazisifu nyufa, na hatumdhulumu mtu. Waliolala pale hawaogopi masika.

Bibi anayaogopa. Kile kitambaa kilikuwa ushahidi pekee kwamba kuna mtu anayepambana na ufa ule, nami nilikifuta kama uchafu. Aliyeiweka picha ile kwenye kompyuta yake anadhani anatazama zamani, kumbe anatazama kitanda cha mtu, leo.

Mtu anaweza kunijibu kwamba ufa haupanuki kwa kupigwa picha. Kweli. Lakini nimelala katika nyumba ile likizo nyingi, na siku ya kwanza kuutazama ufa kwa makini ilikuwa siku niliyohitaji brashi. Wahenga walituonya kuhusu asiyeziba ufa, anayeunakili hawakumfikiria.

Kabla sijarudi chuoni, mimi na mjomba tuliuziba kwa udongo, tukapaka chokaa. Kiraka ni cheupe kuliko ukuta wote. Brashi bado ninayo.

"Na hapa hupigi picha?" Bibi aliuliza.

Nilimjibu kwamba mwanga hautoshi. Ilikuwa saa sita mchana.