Nani Ana Haki ya Kusoma?

Mhariri mmoja amenirudishia makala niliyoandika juu ya Kuruntokai, ule mkusanyo wa mashairi mafupi ya mapenzi ya Kitamil cha kale. Sababu: mwandishi hajui Kitamil. Nimekosea wapi, hakusema.

Tafsiri ni nini, tuwaachie walimu. Kinachonikera ni dai kwamba aliyesoma tafsiri hajasoma kitu. Nilimsoma A. K. Ramanujan, aliyechapisha tafsiri zake za Kiingereza mwaka 1967, nikaona jinsi mandhari inavyobeba hisia: milimani wapendanao hukutana, nyikani hutenganishwa na safari. Mke aliyenuna hatajiwi hasira zake. Atatajwa nyati kwenye maji ya mashambani, na anayeijua kanuni ameshaelewa kuna mume anayetoka nje. Hilo nalo sikulisoma?

Tena Kitamil cha mashairi hayo kina umri wa takriban miaka 2,000. Mzaliwa wa Madurai wa leo hakisomi bila maelezo pembeni. Naye ana mkalimani, ila wake ni wa lugha moja naye.

Ndipo namkumbuka U. V. Swaminatha Iyer, ambaye sichoki kumsimulia. Mwaka 1880 alikuwa mwalimu wa Kitamil chuoni Kumbakonam. Hakimu aitwaye Ramaswami Mudaliar akamuuliza kama amesoma Civaka Cintamani. Hakuwa ameisoma! Alipoupata utenzi huo ulimkwamisha, maana ni kazi ya dini ya Kijaini na yeye Mbrahmani. Akawaendea Wajaini wa mjini, akauliza, akasikiliza. Akauchapisha mwaka 1887, kisha akazidi kuhangaika nyumba kwa nyumba akitafuta miswada ya majani ya mvumo kabla mchwa hawajaimaliza. Siku alipobisha hodi kwa Wajaini, haki yake ilikuwa ipi?

Wanaosema sauti na mizani hupotea katika tafsiri, wamesema kweli.

Linalonisumbua ni jingine. Nyerere alipotoa tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963, angalau Shakespeare alimsoma kwa lugha yake. Mimi nikiyatia mashairi ya Kuruntokai katika Kiswahili kutoka Kiingereza, nitakuwa nagawa ladha ya nani: ya washairi wale, au ya Ramanujan, profesa wa Chicago aliyechagua machache kati ya yapatayo 400? Nikimsubiri ajuaye Kitamil na Kiswahili sawasawa, wasomaji wangu watasubiri nami, na sijaona kama hiyo ndiyo heshima zaidi kwa washairi.